Valvu Kuukuu, Valvu Mpya na Sauti ya Pili ya Lituhi

Nimestaafu mwezi uliopita. Wenzangu karakanani mlinifanyia sherehe, mkanifunga kitenge, na Eradius akasema kwenye hotuba yake kwamba mama anaondoka na mambo mengi kichwani ambayo hayamo kwenye kitabu chochote. Nimekaa nyumbani wiki tatu nikiyatafuta mambo hayo. Mengi nimekuta ni ya valvu. Nayaandika sasa hivi, kabla sijapata nafasi ya kuyapamba. Vyeo vyangu sitavitaja. Vilikuwa vichache na vilichelewa.

Kwa wale mliozaliwa wakati redio inatosha kwenye simu: valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyonyonywa hewa. Ndani yake kuna waya unaowaka mwekundu, na kuuzunguka kuna mabati membamba. Zamani hakukuwa na redio wala amplifaya iliyotoa sauti bila chupa hizo. Wateja wetu waliziita taa, na hawakukosea sana.

Nilifika karakana ya misheni hapa Mbinga nikiwa na cheti cha ufundi na sketi mpya ya bluu. Chumba cha redio kilikuwa chini ya Mzee Alkuini Mbunda, Mmatengo aliyejifunza kazi kwa mabruda tangu kijana. Nilimwamkia, akaitikia, halafu akanitazama kuanzia viatuni kwenda juu.

"Binti, sketi hiyo ina mfuko?"

"Haina, mzee."

"Basi nenda, urudi kesho na mfuko. Upande wa kushoto."

Nilidhani ananifukuza kwa adabu. Usiku huo dada yangu alinisaidia kushona mfuko, kwa uzi mweupe maana wa bluu haukuwepo. Asubuhi Mzee Alkuini aliufungua mgongo wa redio kubwa, akaiwasha, akasema, "Sasa mkono wa kushoto uingie humo, na usitoke. Humu ndani mna umeme wa kuua mtu. Ukigusa kwa mkono mmoja utapiga kelele. Ukigusa kwa miwili, umeme utapita kifuani, na moyo uko kifuani."

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na ninyi vijana mnalicheka kwa sababu saketi zenu za volti tano hazijawahi kumrusha mtu ukutani. Mimi umeme ulinirusha. Nilikuwa nimezima amplifaya, nimechomoa na waya ukutani, nikajiona salama. Kapasita, vile vikopo vinavyohifadhi umeme, zilikuwa bado zimeshiba. Mzee Alkuini aliniokota, akanipa maji, akaniuliza swali moja tu: "Mkono wa kushoto ulikuwa wapi?" Ulikuwa mfukoni. Akaridhika, akarudi kwenye kazi yake.

Miezi ya mwanzo sikuruhusiwa kuyeyusha risasi ya kuungia waya hata tone moja. Nilisikiliza. Alinipa penseli yenye kifutio, nikawa nagonga valvu taratibu kwa upande wa kifutio huku redio inawaka. Valvu nzima hugongwa ikanyamaza. Iliyolegea ndani hulia kwenye spika kama glasi inayogongwa na kijiko. Alinifundisha pia kutazama utando wa fedha ulio juu, ndani ya kioo. Ukiwa unang'aa kama kioo cha kujitazamia, hewa haijaingia. Ukigeuka mweupe kama maziwa, usihangaike na vipimo, itupe. Chombo chetu cha heshima kilikuwa kipima valvu, sanduku la chuma lenye soketi za kila aina na sindano moja inayopanda. "Sindano haisemi uongo," alikuwa akisema, "lakini haisemi yote."

Kazi ngumu zilitoka ziwani. Kule Chiwanda kulikuwa na amplifaya ya shule iliyokohoa kila mchana na kupona kila asubuhi. Niliteremka mara mbili, nikabadilisha valvu mbili zisizo na kosa. Mara ya tatu nilikwenda na Mzee Alkuini. Hakufungua chombo. Alichukua kiti, akakaa nje akitazama ziwa mpaka saa nane, wale wadudu wadogo wanapopanda juu ya maji kama moshi. Upepo uliwaleta hadi dirishani, wakajaa darasani. Ndipo akanyanyuka, akachomoa valvu, akanionyesha soketi zake. Wadudu walikuwa wamekaangwa kuzunguka miguu ya valvu miaka na miaka, wakawa lami. Joto likipanda, lami inapitisha umeme. Tulisugua kwa mswaki na spiriti, tukafunika dirisha kwa chandarua, na amplifaya ile haikukohoa tena. Tangu siku hiyo, kabla ya kufungua kitu cha mtu nauliza kwanza kinakaa wapi.

Mzee Alkuini alizipenda valvu za zamani kupita kiasi, nami nikarithi mapenzi hayo bila kuyahoji. Alisema waliozitengeneza hawakuwa na haraka. Ukiipasua iliyokufa, ndani yake unaona kazi ya mikono: vijiwaya vimezungushwa kwa nafasi sawasawa, vipande vya ulanga, lile jiwe jembamba linalong'aa, vimekatwa vikakaa bila kucheza. Nimepasua nyingi kwa ajili ya kutazama tu. Hata leo sijui chombo kingine cha nyumbani kilichotengenezwa kwa uangalifu kama ule, halafu kikafichwa ndani ya boksi ambamo hakuna atakayekiona.

Alipozeeka na mikono ikaanza kutetemeka, aliniita, akanikabidhi kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na valvu nne kubwa za kusukuma spika, aina ya EL34, hazijawahi kutumika, kila moja imeviringishwa kwenye gazeti. "Hizi si za majaribio," akasema. "Zitakapohitajika utajua." Alifariki kabla ya mvua za mwaka ule. Kopo likakaa kabatini kwangu, na nilikuwa nalifuta vumbi kila Krismasi.

Valvu zikaisha mitaani. Nikatengeneza runinga, mashine za hospitali, sola, na siku hizi mpaka mizani ya kahawa. Nilidhani kopo lile nitazikwa nalo. Kumbe huko nje watu walikuwa wamezirudia valvu kwa ajili ya muziki wa nyumbani, na viwanda vikaanza kuzitengeneza upya. Eradius Hyera, fundi mwenzangu aliyechukua meza yangu sasa, ndiye aliyenionyesha kwenye simu yake. Nilimwambia valvu mpya ni chupa za soda zilizotiwa waya. Nilikuwa sijawahi kushika hata moja.

Mwaka wangu wa mwisho kazini tuliitwa Lituhi, nyumbani kwa Mwalimu Valentino Komba. Mwalimu aliongoza kwaya ya parokia yao miaka mingi, na sasa haoni. Presha ya macho ilimaliza kazi yake polepole. Padri mmoja aliyerudi kwao Ulaya alimwachia amplifaya yake ya valvu na spika mbili za mbao, na hizo ndizo zilizokuwa macho yake. Alisikiliza santuri, alisikiliza redio, na alikuwa na utepe mmoja wa kwaya yake mwenyewe.

Tulishuka kwa njia ya kijiji cha Ruanda, nyuma ya malori ya makaa ya mawe, tukafika na meno meusi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Fundi Tasiana. Uko na nani? Nasikia viatu vya watu wawili."

Nikamtambulisha Eradius. Mwalimu alituketisha, akatueleza shida yake kabla ya chai. Kwaya ya sasa ilitaka kuimba wimbo wake wa mavuno, wimbo wa sauti nne alioutunga akiwa kijana. Karatasi za nota zilikuwa zimeliwa na mchwa. Sauti ya kwanza kila mtu anaijua. Ya tatu na ya nne wazee wachache bado wanazo. Sauti ya pili imepotea kabisa. Akina mama walioiimba wamefariki, isipokuwa Bibi Sabina aliyehamia kwa binti yake Mbaha, naye alipoulizwa alisema imemtoka kichwani.

"Na wewe uliyetunga?" Eradius aliuliza.

"Ninakumbuka mwanzo na mwisho. Katikati nimejaribu, na kila ninachoweka kinakataa kukaa na wenzake. Utepe unayo. Lakini chombo kimeanza kuungua, na nikisikiliza nasikia mabesi tu."

Niliiwasha. Dakika ya tatu valvu moja kati ya nne kubwa ikawa nyekundu, si waya wake tu bali bati zima, kama kaa la jikoni. Nikazima. Zilizobaki nilizipima, zote zimechoka. Nilijua papo hapo kwamba siku ya kopo la Mzee Alkuini imefika, na nilifurahi mno hata nikaona aibu kidogo.

Tulirudi wiki iliyofuata. Mimi nilibeba kopo langu. Eradius alibeba valvu nne mpya alizoagiza kupitia Dar es Salaam, zilizotengenezwa Urusi, kila moja kwenye boksi jeupe lenye sponji. Hakuniambia mpaka tulipofika. Alisema, "Mama, tujaribu tu." Nilimjibu kwamba tumekuja kutengeneza, hatukuja kwenye maonyesho.

Kwanza kabisa alinishauri tuuhamishie utepe kwenye kompyuta yake kabla ya kufanya lolote. Nilikubali kwa kuguna. Utepe ulicheza mara moja mpaka mwisho, ukakatika sehemu mbili ulipokuwa unarudishwa, na kingo zake zikamomonyoka kama majani makavu. Mwalimu alisikia mlio ule, akashika magoti yake.

"Ninayo yote, Mwalimu," Eradius akasema. "Tunaweza kuirudia mara mia."

Sikuguna tena siku hiyo.

Tuliunganisha kompyuta na amplifaya, nami nikaanza na valvu za kopo. Sindano ya kipima ilipanda juu kwa zote nne. Nilirekebisha mkondo wa umeme, nikaziacha zipate moto dakika ishirini, nikapima ukubwa wa sauti kwa mita ili baadaye niuweke sawasawa kwa seti nyingine. Likumbukeni hilo kila mnapolinganisha: chombo kinachotoa sauti kubwa kidogo sikio hukiita bora, na mafundi wengi wameuza takataka kwa njia hiyo. Mwalimu alijua tumeleta seti mbili, moja ya Mzee Alkuini, lakini hatukumwambia zipi ni zipi.

Wimbo ulijaa chumbani. Ulikuwa mtamu, mpana, wenye uvuguvugu, na nilimwona Mzee Alkuini amesimama mlangoni na koti lake la kaki. Mwalimu aliinamisha kichwa.

"Tamu," akasema. "Lakini mabesi wamekaa mlangoni. Hakuna anayepita."

Tukabadilisha. Dakika ishirini nyingine, mita tena, wimbo uleule.

"Ah! Sasa wamerudi kwenye benchi lao. Hizi."

Zilikuwa mpya. Nilisema turudie, nikaeleza kwamba jaribio moja halitoshi, jambo ambalo ni kweli. Lakini sikurudia kwa sababu hiyo. Nilirudia kwa sababu sikupenda jibu. Akachagua zilezile. Nikasema turudie tena, safari hii nikaanza na mpya ili nimchanganye.

"Fundi," Mwalimu akasema kwa upole, "umebadilisha foleni. Hizi ndizo za pili za mwanzo. Zipi ni za yule mzee wako?"

"Za kwanza, Mwalimu."

"Na ulitaka nizichague."

"Ndiyo."

"Mimi natafuta sauti ya pili, mwanangu. Sitafuti sauti ya kumfurahisha marehemu."

Eradius alijifanya anakunja waya. Nilizichukua valvu za kopo, nikaziangalia vizuri kuliko nilivyowahi kuziangalia katika miaka yote ya kuzifuta vumbi. Utando wa mojawapo ulikuwa na ukingo mweupe, mwembamba kama ukucha wa mtoto. Hewa ilikuwa imeingia taratibu huko kabatini. Ikiwa baridi sindano inapanda. Ikishapata moto, mkondo unateleza, valvu inavuta mwenzake, na besi inavimba. Hazikuwa mbaya tangu kutengenezwa. Mimi ndiye niliyezitunza mpaka zikaharibika, kwa kusubiri siku inayozistahili.

Basi ngoja niseme wazi ninachojua sasa. Zile mpya nilizichunguza kwa mwanga wa tochi nikitafuta uvivu, sikuuona. Mabati yamenyooka, miguu imekaa, zote nne zinavuta mkondo karibu sawa. Aliyezitengeneza naye hakuwa na haraka, au kama alikuwa nayo aliificha vizuri. Nilimwomba radhi Eradius kwa ule mzaha wa chupa za soda.

Lakini msikimbilie kuandika kwamba mpya zimeshinda. Amplifaya ile ilikuwa na valvu mbili ndogo mbele, zile zinazopokea sauti ikiwa bado changa, na zilikuwa zilezile zilizotoka na chombo kiwandani, za tangu wakati wa padri. Eradius alikuwa ameleta ndogo mpya pia. Tulipoziweka, chumba kikajaa mvumo kama wa mafuta yanayokaangwa. Nikagonga kwa kifutio: moja ikalia. Tukazirudisha zile za zamani, na mvumo ukakatika, kukawa na ukimya ambao sijausikia kwenye chombo chochote cha kisasa cha bei ya kawaida. Valvu zile zimefanya kazi tangu kabla Eradius hajazaliwa na bado zinanong'ona bila kukwaruza. Naye alikubali bila kubishana, haraka kuliko nilivyofanya mimi. Tukaacha ndogo kuukuu mbele, kubwa mpya nyuma.

Ndipo ikatokea. Mabesi wametulia, mvumo hakuna, na katikati ya wimbo, chini ya sauti ya kwanza, zikasikika sauti tatu nne za akina mama, nyembamba, zinapanda mahali ambapo usingetegemea. Mwalimu aliinua kidole. Tukarudia kipande hicho. Tukakirudia tena. Uso wake haukuonyesha furaha, ulionyesha kutoelewa.

"Hii si yangu," akasema.

"Vipi, Mwalimu?"

"Niliandika ishuke hapo. Sasa nimekumbuka kabisa, inashuka mpaka chini. Hawa wanapanda. Fundi, valvu zako zinatunga nyimbo?"

Nilimwambia valvu inaweza kuongeza mvumo, inaweza kuvimbisha besi, inaweza kuleta utamu ambao haukuwepo. Haiwezi kuweka mama mmoja aimbe kitu ambacho hakukiimba.

Asubuhi iliyofuata Eradius alikwenda Mbaha kwa pikipiki kumchukua Bibi Sabina. Alifika ameshika kandambili zake mkononi, mwembamba, macho makali, akakataa kiti cha sofa akachukua kigoda karibu na spika. Mwalimu hakumweleza chochote. Alisema tu, "Sikiliza, Sabina."

Wimbo ulipofika katikati, midomo ya Bibi Sabina ilianza kwenda yenyewe. Halafu sauti ikatoka, imepasuka lakini imeshika mahali pake, inapanda pamoja na wale wa kwenye spika. Aliimba mpaka mwisho wa ubeti, akafunika mdomo kwa kanga.

"Kumbe ipo," akasema. "Nilikuwa nayo."

"Sabina, mimi niliandika ishuke."

"Tunajua, Mwalimu."

"Mnajua?"

"Ya kwako ilikuwa inatushinda. Ilishuka mno, tulikuwa tunaguna kama wanaume. Tukakaa kule majini tunafua, mimi, Anastazia, Filomena na Kristina, tukaitafutia njia. Tukaona ikipanda inakaa vizuri zaidi."

"Na mimi nilikuwa nimesimama mbele yenu napiga mkono. Kila Jumapili. Sikusikia?"

Bibi Sabina alimtazama, ingawa alijua hamwoni. "Ulikuwa unawasikiliza mabesi, Mwalimu. Walikuwa wanakusumbua."

Mwalimu Komba aligeuzia uso kwenye spika. Valvu zilikuwa zinawaka, na kwa kuwa wimbo ulikuwa umeisha palikuwa na ukimya ule mzuri. Nilidhani amekasirika. Nilianza hata kutafuta la kusema, kitu cha kifundi, cha kupoteza muda. Akacheka, kwanza kidogo, kisha mpaka akafuta machozi kwa kiganja.

"Ndiyo maana ilikataa kukaa," akasema. "Miaka yote natafuta kichwani mwangu kitu ambacho hakikuwahi kuwa kichwani mwangu."

Akamwomba Eradius achukue karatasi. Bibi Sabina akaimba mstari kwa mstari, Mwalimu akaugeuza kuwa nota kwa sauti, la, so, fa, Eradius akaandika. Palipokuwa na shaka tulirudisha kipande, akina mama wanne wakajibu kutoka kwenye spika. Ilituchukua mpaka saa saba. Mwishoni Mwalimu akasema, "Juu andika: Wimbo wa Mavuno, umetungwa na V. Komba. Chini yake andika: sauti ya pili imetungwa na Sabina."

"Hapana," Bibi Sabina akasema. "Andika na wenzangu."

Akayataja majina, moja moja, akisubiri Eradius amalize kila moja kabla ya kutaja linalofuata. Alipofika kwa Kristina aliomba karatasi, akaishika karibu na uso ingawa hajui kusoma nota, akapitisha kidole juu ya majina yote manne.

"Sasa," akasema, "tupigie tena tuwasikie."